Ufunguo wa Darasa la Taifa

"Ng'ombe katoka zizini."

Hayo tu. Sauti ya Kanali Thomas, mkuu wake wa Idara ya Upelelezi, kisha simu ikakatika.

Emiliana aliacha mwiko ndani ya sufuria ya uji. Alichomeka bastola yake ya Makarov kiunoni, akavaa koti la ngozi, akaipiga kiki Yamaha yake. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachungulia Gitega.

Ng'ombe maana yake ufunguo. Zizi maana yake chumba cha mitambo kilichobeba Darasa la Taifa: masomo yote ya sekondari, yamerekodiwa, yanangoja kurushwa Jumatatu kwa mtandao hadi kwenye shule za milimani. Ufunguo wenyewe ni kijichuma kama kidole cha mwisho. Unauchomeka, mtambo unafunguka. Usipouchomeka, mtambo ni kabati tu.

Na ulikuwa mmoja. Nchi nzima, ufunguo mmoja! Eti wakubwa waliona kuwa na wa akiba ni hatari.

Redio ya Motorola ikakwaruza begani: Kanali tena.

"Nani kauchukua?" aliuliza Emiliana.

"Kastori. Mwalimu wa fizikia. Kamera imemwona. Amepanda piki, route ya Karuzi."

Emiliana nusura aingie mtaroni.

"Rudia."

"Umesikia, Madame. Kuna mzungu Muyinga, anaitwa Lanvert, ndiye anamngoja. Anauza mfumo wake. Wetu usipofunguka Jumatatu, tutanunua wake kwa lazima, na kila mtoto atalipia somo kwa simu. Huyo mzungu akivuka mpaka wa Kobero na ufunguo, c'est fini, imekwisha."

Kastori! Heri wangemtajia mzazi wake. Kastori ndiye aliyemfundisha Emiliana kusoma, kambini Tanzania, chini ya turubai, akiandika kwa mkaa juu ya ubao wa sanduku. Hakuna aliyemtuma. Wenzake walikuwa kwenye foleni ya mahindi, yeye anapanga watoto.

Tena kulikuwa na Lucia, binti wa marehemu kaka yake Emiliana, huko Ryansoro. Mwaka wake wa mwisho, mtihani wa taifa unabisha hodi, na shule haina mwalimu wa fizikia tangu yule wa mwisho aombe uhamisho. Lucia anataka kuwa mhandisi wa umeme. Kijiji chenyewe hakina taa, sola ni ya shule tu! Aliposikia habari ya Darasa la Taifa alimpigia Emiliana simu, akashindwa kusema, akalia tu kwa furaha. Shangazi mtu akaapa kwamba hilo darasa litafunguka.

Akakaza mkono wa mafuta.

Kwenye Samsung iliyofungwa kwenye usukani, nukta nyekundu ilikuwa inasogea mbele yake. Simu ya Kastori. Karuzi ikapita. Nukta ikakata kushoto, ikaingia njia ya vumbi, ikaanza kwenda polepole.

Emiliana akaifikia. Mzee mmoja, baiskeli, mikungu ya ndizi. Simu ilikuwa katikati ya mikungu, na mzee hana habari.

Mwalimu alikuwa amemchezea mwanafunzi wake. Emiliana alitukana kwa Kirundi, akageuza piki, akarudi lami.

Redio tena. Safari hii Saidi. Kwa watu wa Muyinga, Saidi ni fundi cherehani wa sokoni, mtoto wa ukoo wa Waislamu wenye maduka. Kwa Idara, ni mtu wao.

"Dada, mzungu iko hapa hoteli. Anakunywa kahawa na anatukana watu."

"Kwa nini hajaondoka?"

"Land Cruiser yake wameizuia kwa barrière. Si leo ni travaux?"

Emiliana alicheka peke yake barabarani. Jumamosi! Asubuhi ya Jumamosi Burundi haiendi popote. Gari zinasimama, maduka yanafungwa, kila mtu anashika jembe kwa kazi za pamoja mpaka chef, mkuu wa kilima, aseme basi. Lanvert alikuwa amechagua siku hiyo kwa sababu aliona barabara ni tupu. Hakuuliza kwa nini ni tupu.

"Wamemwambia?"

"Wamemwambia. Anasema yeye iko na rendez-vous, miadi. Polisi anamjibu, na sisi tuko na majembe."

Kabla ya Gasorwe, kitu kiling'aa kwenye migomba. Emiliana akafunga breki. Piki ya Kastori, imelazwa. Alifungua kifuniko cha tangi, akanusa. Kavu. Petroli siku hizi ni kilio, hata mwizi haipati.

Basi Mwalimu alikuwa anatembea kwa miguu. Na mbele, kilima kizima kilikuwa kimejaa watu na majembe, wanachimba mtaro wa barabara.

Angejificha wapi pengine?

Emiliana alivua koti, akajifunga kitenge juu ya jeans, akaingia katikati ya wanawake.

"Mi naona we si wa huku," alisema mama mmoja mnene, Paskazia, akimpima juu mpaka chini.

"Mi mpita njia, mama. Travaux imenikuta barabarani."

"Ehe! Basi shika jembe hili, la binti yangu. Ameenda nyonyesha."

Emiliana akashika. Akalima, macho yanazunguka. Kofia nyingi, migongo mingi. Atamjuaje?

Tuseme kweli. Travaux ni kazi, lakini ni kijiwe pia. Mtu anapiga jembe mara mbili, anaegemea mpini, anasema habari za petroli, anamcheka mke wa jirani. Chef akitazama huku, majembe ya huku yanaamka. Akitazama kule, yanalala. Hivyo ndivyo wanavyofanya wote, na mtaro unaisha hivyo hivyo.

Isipokuwa mtu mmoja.

Mwisho wa mstari, kofia imeshuka hadi nyusi, alikuwa anachimba kama anakimbizwa na mvua. Udongo anautupa upande mmoja. Kisha anaushindilia kwa mgongo wa jembe.

Emiliana akaacha kulima. Hivyo huchimba watoto wa kambi. Turubai bila mtaro, mvua ikija unalala majini. Yeye mwenyewe alifundishwa hivyo, na aliyemfundisha ndiye huyo.

Alisogea.

"Shikamoo, Mwalimu."

Jembe likasimama.

"Marahaba, Emiliana." Hakugeuka. "Nilijua watakutuma wewe."

"Nipe ufunguo."

"Una bastola?"

"Ninayo. Usinilazimishe kuitoa mbele ya mama hawa."

Kastori aligeuka. Alikuwa amezeeka, macho mekundu. "Fizikia yote wameichukua kichwani mwangu, wakairekodi. Nikawaomba neno moja tu: shamba la baba yangu, Nyarusange. Nimerudi nimekuta nyumba ya mtu, migomba ya mtu. Nimezungushwa mpaka viatu vimeisha. Wananiambia, wewe Mtanzania, rudi kwenu. Na kule waliniambia, wewe Mrundi, rudi kwenu. Lanvert ndiye wa kwanza kuniambia, karibu."

"Na watoto?"

"Watasoma kwa mzungu."

"Kwa simu ipi? Lucia wa kaka yangu ana simu ipi ya kulipia, Mwalimu? Anaazima ya mwalimu mkuu!"

Kastori akalaza jembe chini. Akatoa kitambaa mfukoni, akafungua fundo. Kijichuma kikang'aa.

"Chukua. Sema umeuokota kwenye piki. Mimi niache nipite kwa miguu, nirudi kambini nikafie huko. Nakuomba, mwanangu."

Emiliana akauchukua. Ilikuwa rahisi mno: kugeuka, kuondoka, kusema uongo mmoja kati ya mingi ya maisha yake. Lakini hasira ilikuwa imempanda. Angemwomba kabla, angekwenda Nyarusange mwenyewe kupambana. Huyu alikuwa tayari kumuuza Lucia na wenzake wote, halafu anamwita mwanangu.

"Geuka, nikufunge."

Kastori akamrushia udongo usoni. Akakimbia.

"Igisuma! Mwizi!" mtu akapiga kelele.

Kijiwe kikafa hapo hapo. Majembe yakainuka kilima kizima. Kastori alijikwaa, akaanguka ndani ya mtaro wake mwenyewe, na watu wakamzunguka.

Emiliana, jicho moja limefumba, aliruka juu yake. Makarov ikalia hewani.

"Rudini nyuma! Huyu ni wangu!" Sauti yake ilipasuka. "Ni mwalimu wangu!"

Wakarudi nyuma, mmoja mmoja. Paskazia ndiye wa mwisho kushusha jembe.

Pingu zikafunga. Redio ikakwaruza.

"Dada, mzungu alitaka toka na mguu. Akachomoa bastola, Beretta, palepale kwa duka langu. Nimemchapa na pasi ya mkaa."

"Yuko hai?"

"Iko hai. Analia tu."

Jioni, Gitega, Kanali Thomas aliugeuza ufunguo mezani kama mtu anayekagua jino. "Bravo, Madame. Jumatatu tunafungua. Masomo ya huyo mtu yafutwe yote."

"Ndiyo fizikia yote, mon Colonel. Hakuna nyingine."

"Msaliti hafundishi watoto wa taifa. Tutatafuta mwalimu mwingine."

"Wapi? Tumekosa wa kumweka Ryansoro!"

"Madame." Alikuwa ameshachukua simu nyingine. "Kazi yako imekwisha."

Jumatatu, Lucia alipiga kwa simu ya mwalimu mkuu. Nyuma yake darasa zima lilikuwa linashangilia.

"Shangazi, mtambo umefunguka! Hisabati ipo, biolojia ipo! Ila fizikia nikibonyeza zinakuja kurasa nyeupe. Wanasema mwalimu hayupo. We unajua kaenda wapi?"

Emiliana angeweza kudanganya. Ndiyo kazi yake.

"Najua. Nimemfunga mimi. Aliiba ufunguo."

Lucia, taratibu, kama anayetafuta kosa kwenye hesabu: "Lakini ufunguo si umepatikana?"

"Umepatikana."

"Sasa sisi tutafundishwa na nani, shangazi?"

Salio la mwalimu mkuu likaisha, simu ikakatika. Emiliana hakumpigia tena.

Alivaa kofia ya chuma, akavuta glovu kidole kwa kidole, akawasha Yamaha. Alipita katikati ya mji bila haraka, mgongo umenyooka. Waliomwona walisema, yule mama hana shida duniani.