Bertilla Amfuata Fundi Mpui

Bertilla ni mjane wa Kizwite, Sumbawanga. Ana mashine ya kusaga nafaka. Kila siku kina mama humletea mahindi na ulezi, wakapiga soga wakingoja zamu.

Lakini msimu huu wa mavuno mashine ilikuwa kimya. Fundi wake alizeeka akarudi kwao. Vijana wawili walikubali kazi, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alisema, "Nakuja, mama." Hakuna aliyetokea. Wateja wakaanza kupeleka magunia kwingine.

Asnath, jirani yake, ni afisa maendeleo ya jamii. Alimkuta ameshika tama.

"Sasa amekubali fundi mwingine, Kalisti wa Mpui," Bertilla alisema. "Ataanza mwezi ujao. Naye atanikimbia tu!"

"Tangu akubali, mmeongea?"

"Nimsumbue ya nini?"

Asnath akacheka. "Ukitaka watu wakulimie matuta, unafanyaje?"

"Napita nyumbani kwao. Nawaonyesha shamba. Siku ikikaribia, nawakumbusha."

"Kumbe unajua! Fundi naye ni hivyo hivyo. Ukimnyamazia, moyo wake unayumba. Akiitwa kwingine, anakwenda. Mfuate. Mweleze ukweli wote, hata ulio mgumu."

Nampenda Bertilla kwa hili: hakubisha. Kesho yake alipanda gari la Mpui.

"Shikamoo, mama. Karibu," alisema Salome, mke wa Kalisti. Akamletea togwa ya ulezi. Kisha akauliza bila kuzunguka, "Tutaishi wapi na mtoto?"

Kalisti akainama. Swali hilo ndilo lililomkosesha raha, ila aliona aibu kuuliza.

"Kuna chumba uani kwangu. Njooni mkione," Bertilla alijibu. "Lakini nisiwafiche, wakati wa mavuno kazi ni nzito na vumbi ni jingi. Na wewe Kalisti, ukibadili nia, niambie mapema nitafute mwingine."

Walikwenda, wakakiona chumba na mashine. Baada ya hapo Bertilla aliwapigia simu mara kwa mara kuwajulia hali.

Siku ya kazi ilipokaribia, Bertilla alisikia kwamba mwenye mashine mmoja wa Matai anamtaka Kalisti kwa mshahara mkubwa zaidi.

Asubuhi ya kuanza kazi alifungua mlango. Kalisti alikuwa amesimama pale na godoro. Salome alikuwa nyuma yake na mtoto mgongoni.

"Hukwenda Matai?" Bertilla aliuliza.

"Yule namjua sauti tu ya kwenye simu," Kalisti alijibu. "Wewe, mama, umekunywa togwa nyumbani kwangu."

Mashine ikanguruma. Kina mama waliokuwa wamerudi na magunia yao wakapiga vigelegele, wakaanza kugombania zamu.