Kisogo cha Kupondea

Huku Akwesasne bibi harusi haendi ukweni mikono mitupu. Hupeleka kikapu kilichosukwa na watu wa kwao. Siku hizi mdudu amemaliza miti ya vikapu, na Wishe alizunguka vinamasini siku tatu akapata gogo moja tu. Harusi ya binti yake ilikuwa Jumamosi. Kufikia Jumanne gogo lilikwishaanza kukauka, na gogo kavu halitoi kanda za kusukia.

Gogo la namna hiyo hupondwa kwa kisogo cha shoka, upande wa nyuma usio na makali, mpaka mti ujivue kanda kwa kanda. Lakini shoka la Wishe lilikuwa limevunjika mpini, na mwenye haraka hashauriki. Akachukua tomahoki, kishoka cha mkono cha marehemu baba yake.

"Utapondea hiyo?" aliuliza mkewe, Warisose.

"Chuma ni chuma. Wewe shika gogo."

Akaponda. Kile kisogo chembamba kikazama, na ukanda wa juu ukakatika. Akaponda tena kwa hasira. Mara kichwa cha tomahoki kikalegea, kikateremka kwenye mpini, kikamgonga vidole.

"Mama yangu wee!"

Jirani yao Anen, msusi wa vikapu, alikuja mbio. Alimfunga vidole huku akigomba.

"Shemeji, tomahoki umeionea bure! Hii ni nyepesi, ya kubeba njiani, kukatia matawi na kuchongea. Kichwa chake huvishwa kutokea chini ya mpini, hakina kabari. Ukigonga kwa kisogo, kinalegea. Shoka ni zito, lina kisogo kinene, na kichwa kimekazwa kwa kabari. Hilo ndilo la kuponda."

"Na gogo langu?"

"Tabaka la juu limeharibika. Tujaribu la chini. Nalo likikatika, hakuna kikapu."

Anen akaleta shoka lake. Wishe akajaribu kulishika, vidole vikakataa.

"Lete," alisema Warisose. "Wewe shika gogo."

Aliponda polepole, kila pigo kando ya lililotangulia, bila kuruka mahali. Wishe aliogopa hata kukohoa. Mwishoni Anen alibandua ncha ya ukanda kwa kisu, akavuta. Ulitoka mzima, kutoka mwanzo wa gogo hadi mwisho. Wishe akalia bila aibu.

Kanda zikasukwa, na Jumamosi mama mkwe wa binti alikipokea kikapu kwa mikono miwili, akakipapasa.

"Kanda safi hizi. Nani kaponda?"

Watu wakamgeukia Wishe, maana huku kuponda huhesabiwa kazi ya wanaume.

"Mke wangu," alisema. "Mimi nilishika gogo."