Iyad Anajua Wakati Wake

Saa mbili asubuhi, Bibi Zohra alikuwa keshamkamata mjukuu wake. Alimkalisha kwenye poti, akambana mabega, akamwimbia. Iyad alikuwa na miaka miwili na miezi minane. Alikaza miguu, akalia.

"Huinuki mpaka utoe," alisema bibi. "Baba yako aliacha nepi kabla ya mwaka."

Jikoni, Najia, mama yake Iyad, aliuma midomo. Mwezi wa tisa alitakiwa kurudi kazini, kwenye kiwanda cha kushona nguo. Hapo Sfax, mji wa Tunisia, chekechea ya mtaa wao haikupokea watoto wa nepi. Ndiyo maana alimwachia mama mkwe kazi ya kumzoesha mtoto poti. Lakini leo ilikuwa siku ya nne Iyad hajapata choo. Tumbo lilikuwa gumu. Bibi alikuwa na nia njema, ila nia njema hailainishi tumbo.

Mchana majirani walikuja kusaidia kufikicha unga wa ngano uwe chembechembe za kuskusi ya kula mwaka mzima, na kuianika juu ya paa. Mmoja wao alikuwa Salwa, muuguzi wa zahanati. Alimwona Iyad amejibanza nyuma ya shuka iliyoanikwa kwenye kamba, uso umemwiva, miguu ameipishanisha.

"Huwa anajificha hivyo?"

"Kila siku," alijibu Najia. "Anabana."

"Basi anajua haja ikija, na hiyo ni hatua. Ila anaogopa. Akibana, choo kinakauka. Kikikauka, kinamuuma, naye anabana zaidi. Mlete leo jioni tumtazame. Mpe maji na tini. Na poti mwachieni mwenyewe."

"Tumwachie?" alidakia bibi. "Aoe na nepi?"

Wanawake walicheka. Salwa naye alicheka.

"Mama Zohra, bwana harusi wa nepi sijamwona bado. Poti likae karibu na michezo yake. Akikaa na nguo zake, sawa. Akijilowesha, mbadilishe bila kumgombeza. Akitaka nepi, mpe. Tumbo ni lake."

"Na chekechea?" aliuliza Najia.

"Kaongee nao. Ukimkimbiza, utachelewa zaidi."

Zahanati walimpa dawa ya kulainisha choo. Wiki iliyofuata, Iyad alimkalisha mwanasesere wake kwenye poti. Bibi aliona, akajikaza kisabuni asiseme kitu. Wiki ya tatu, Iyad alibeba poti, akaingia nalo nyuma ya mlango.

"Msije," alisema.

Najia aliinuka. Bibi akamvuta mkono. "Kaa. Umeambiwa usiende."

Wakasubiri. Iyad alitoka akiwa ameshika suruali mkononi, uso umetulia. Bibi Zohra alifuta machozi kwa pembe ya mtandio, wala hakuyaficha.

Mwezi wa tisa ulipofika, Iyad bado alijilowesha mara mojamoja usingizini. Mwalimu wa chekechea alikubali kumpokea na suruali tatu za akiba. Siku ya kwanza, mlangoni, Iyad alimtazama mwalimu huyo.

"Choo kiko wapi?"

Mwalimu alinyoosha mikono ambebe.

"Nionyeshe tu," alisema Iyad. "Nitaenda mwenyewe."

Najia akashika njia ya kiwandani, moyo umemtulia.