Aliyehesabiwa Chumba Kitupu

Wapangaji walizima kila kitu, wakasimama uani, jua likiwachoma visogo, wakaikodolea macho mita. Taa yake nyekundu iliendelea kukonyeza. Kuna mtu alikuwa anakula umeme.

"Bado kuna ambaye hajazima," alisema Abiba, muuza maji baridi, bila kumtazama yeyote.

"Nitaje tu, dada," akajibu Sanatu, fundi cherehani. "Mdomo haulipiwi."

Nyumba za kupanga za Tamale, kaskazini mwa Ghana, hugawana gharama za umeme kwa vichwa. Kila mwisho wa mwezi Alhaji Napari, mwenye nyumba, hupita mlango kwa mlango akiuliza, "Humu wangapi?" Kwa hiyo kila mtu humshuku jirani yake: mgeni aliyekawia, pasi, friji nyuma ya pazia. Mwezi ule umeme uliisha upesi mno, na Sanatu, mjane alalaye peke yake, ndiye aliyeangukiwa na lawama. Alhaji alikwisha mwambia ahame.

Wakakipekua chumba chake. Walikuta cherehani ya kukanyaga na pasi ya mkaa. Hakuna aliyemwomba radhi.

Ndipo wakasikia feni.

Ilivuma kwenye chumba cha mwisho, kilichokuwa kitupu tangu msimu wa mvua na kisicho na waya hata mmoja, ikavuma taratibu kama mtu anayewasikiliza, na chini ya mlango ikapita harufu ya nywele zilizoungua, na nyuma ya harufu ile ikaja baridi iliyowapanda vifundoni, kisha magotini, huku kila mmoja akimtazama mwenzake kana kwamba yeye ndiye anayepumua mle ndani.

"Alhaji," Abiba alinong'ona, "nani yumo?"

"Panya."

"Panya mwenye feni?"

Sanatu alikuwa amechoka kusingiziwa. "Basi mhesabuni na yeye!" akafoka. "Alipe kichwa chake, mniache mimi!"

Watu wakacheka kicheko cha kujikaza. Alhaji, ambaye hajawahi kukataa kichwa cha kulipisha, akaugonga ule mlango. "Haya, humu mmoja," akasema.

Feni ikanyamaza. Mita nayo ikatulia.

Kesho yake wakamleta Afa Issahaku, mwalimu wa Kurani, na maji aliyooshea aya kwenye ubao wake. Aliyarusha mlangoni, yakakauka kabla ya kugusa mbao.

"Nani alimhesabu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Vidole vyote vikamwelekea Sanatu.

"Jini mvamizi hufukuzwa. Huyu sasa ni mpangaji, na aliyemtafutia nafasi ndiye mwenyeji wake." Akauchukua ubao wake, akakataa ujira. Hilo la ujira ndilo lililowatisha zaidi.

"Sanatu, wewe kaa tu," Alhaji akasema haraka. "Yale tuliyosema yaishe."

"Kaa wewe, Alhaji."

Alipakia cherehani kwenye bajaji siku ileile, akaenda kwa dada yake ng'ambo ya mji. Abiba mwenyewe alimsindikiza hadi barabarani, akaiona bajaji ikipotelea kwenye vumbi.

Mwisho wa mwezi Alhaji alipita mlango kwa mlango. Kwenye chumba cha mwisho alisita, lakini hesabu ni hesabu. Akagonga.

"Humu wangapi?"

Feni ikaanza kuvuma, na sauti ya Sanatu, ndogo, kavu, ikajibu kutoka ndani:

"Wawili."