Aliyekata Mnyororo wa Chemchemi

Jamani, hii nikikusimulia utasema natunga! Orrin, mtu wa milimani New Hampshire, kule Marekani, aliamka akakuta mnyororo wake umekatwa. Na aliyeukata analala naye kitanda kimoja!

Ngoja nianze vizuri. Orrin na mkewe Delphine ni walibertari. Yaani wao uhuru wa mtu kwanza, serikali ikae mbali. Kila Machi, kwenye mkutano wa mji, kodi mpya ikitajwa tu, mikono yao inapanda pamoja kupinga. Hawajawahi kupishana.

Kiangazi hicho mvua ikagoma. Visima vikakauka. Watu wakaenda kukinga maji kwenye chemchemi ya kando ya barabara, kama walivyozoea tangu enzi za babu zao. Kumbe Orrin ameshalinunua eneo lile! Akafunga mnyororo. Akatundika kibao: MALI YA MTU. USIINGIE.

Sasa asubuhi hiyo kasimama pale, mnyororo chini, mdomo wazi. Delphine akaja na mkasi wa kukatia chuma mkononi.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Mkeo. Unataka kitambulisho?"

Orrin akafoka: "Angekuwa mwingine ningeita polisi!"

"Ita basi."

Ataitaje? Wao ndio wanaohubiri kwamba polisi hawahitajiki! Wakabaki wanatazamana kama kuku wageni.

Hapo likasimama gari la jirani yao, Loretta, mwalimu mstaafu wa uraia. Amejaza madumu matupu.

"Ng'ombe wangu wana kiu, nyie mnagombana nini?"

"Bi Loretta, mlibertari gani anakata mnyororo wa mtu?"

"Na mlibertari gani anafungia watu maji?" Delphine akadakia.

Loretta akacheka. "Nyote walibertari. Ila mko pande mbili, na mmeishi nyumba moja bila kujua! Mwili wako ni wako, jasho lako ni lako. Mnakubaliana?"

"Ndiyo," wakaitikia wote wawili.

"Mlibertari wa kulia, kama Orrin, anaongeza: ardhi niliyoinunua kihalali ni yangu. Ukinilazimisha kugawa, umeniibia."

"Umeona!" Orrin akaruka.

"Tulia. Wa kushoto anauliza: chemchemi hii nani kaitengeneza?"

Orrin akakuna kichwa. "Hakuna."

"Basi anasema ni ya wote. Ukiihodhi peke yako, umewanyang'anya wenzako."

"Mungu wangu! Nimeoa mtu wa kushoto?"

"Miaka yote hii, mpenzi," Delphine akasema. "Na kahawa yangu umeinywa."

"Sasa nani yuko sahihi?"

"Wasomi wanabishana mpaka leo. Ila Orrin, hata wa kulia anaruhusiwa kutoa kwa hiari. Na wewe Delphine, mnyororo ni jasho la mwenzio. Ungemwambia kwanza."

Delphine akainamisha macho. "Hapo nimekosa."

Orrin akatazama yale madumu. Akachukua moja, akalijaza maji mwenyewe.

Tangu siku hiyo chemchemi iko wazi. Ng'ombe wa Loretta wakanywa, majirani wakaja na majembe kuisafisha, na hakuna serikali iliyoitwa. Ubishi ukabaki mmoja tu: kibao. Orrin akaondoa kile cha zamani, akatundika kipya: KARIBU, NIMEWAPA. Delphine akatundika chake chini yake: CHOTA, NI HAKI YAKO.

Vibao viwili, maji yale yale! Wewe ungekuwa mwenye eneo lile, kibao kipi ungekiacha?