Mnara Kwenye Malisho ya Baba Pacha

Mama Pacha aliamka kabla ya jua kuchomoza, kama kila siku. Alipasha maji ya kuoshea viwele, akachukua ndoo, akaenda zizini. Mumewe, Baba Pacha, alikuwa ameshaanza kukata majani. Walikuwa na ng'ombe wanne. Maziwa ya ng'ombe hao ndiyo yaliyowalisha, yakawavisha, na kuwapeleka pacha wao shuleni. Yaliyozidi matumizi ya nyumbani yalipelekwa kwenye banda la maziwa, ambako lori lilipita kila asubuhi.

Kijiji chao kilikuwa na shule, zahanati na kisima. Kitu kimoja tu hakikuwepo: mtandao. Ukitaka kupiga simu, ulipanda Kilima cha Haloo. Kiliitwa hivyo kwa sababu kila aliyefika juu alisema "haloo, haloo" mpaka koo likakauka. Watu waliyajua mawe ya kilima kile kama wanavyojua vyumba vya nyumba zao. Jiwe hili lilishika simu za kampuni moja, jiwe lile za nyingine. Nesi wa zahanati alipanda kutuma ripoti zake. Mwalimu mkuu alipanda kutuma majina ya wanafunzi wa mtihani, viatu mkononi. Na kilima chenyewe kilikuwa malisho ya Baba Pacha. Alikirithi kwa baba yake.

Siku moja ya mvua, Sukari, ng'ombe wao mkubwa kuliko wote, aliingia kwenye shamba la maharage mabichi. Alikula akashiba, akala tena. Ilipofika saa sita mchana, ubavu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kama ngoma. Akawa anahema kwa shida.

Baba Pacha alibaki naye. Mama Pacha alikimbia kilimani. Alisimama juu ya jiwe la kwanza, kimya. Jiwe la pili, kimya. Kwenye jiwe la tatu daktari wa mifugo alipokea huko mjini. Alisikia neno "ng'ombe" na neno "tumbo", kisha simu ikakatika. Mama Pacha alijaribu kumtumia picha. Ile alama ya kusubiri ilizunguka, ikazunguka, na picha haikwenda.

Aliporudi chini, Sukari alikuwa amelala, miguu imenyooka. Baba Pacha alikuwa ameketi karibu na kichwa chake.

Daktari alifika kesho yake kwa pikipiki. Alimtazama Sukari, kisha akauliza kama nyumbani kulikuwa na mafuta ya kula. Mama Pacha alimjibu kwamba yalikuwepo, dumu zima.

"Nusu lita ingetosha," daktari alisema kwa upole. "Mngemnywesha polepole, mkamsimamisha miguu ya mbele ikiwa juu kuliko ya nyuma. Kama ningewasikia jana, ningewaelekeza."

Maneno hayo yalimuuma Mama Pacha kuliko kifo chenyewe. Dawa ilikuwa jikoni kwake.

Baada ya miezi miwili, alikuja kijijini fundi wa mitambo ya mawasiliano. Alikuwa mwanamke mrefu, amevaa kofia ngumu na mabuti, begani kabeba mkoba wa zana. Watu walikusanyika darasani kumsikiliza. Alisema kwamba halmashauri inataka kuwaletea intaneti yenye kasi. Ilihitajika sehemu ya juu ya kujenga mnara, na mahali panapofaa ni Kilima cha Haloo. Macho yote yakamgeukia Baba Pacha.

Kabla hajajibu, shemeji yake alisimama. Huyu alikuwa kaka wa Mama Pacha, fundi baiskeli, mtu asiyekosa la kusema. Alidai kwamba kuna kijiji kilichojengewa mnara, na ng'ombe wote wakakauka maziwa. Watu wakaanza kunong'ona. Baba Pacha aliwafikiria ng'ombe wake watatu waliobaki.

"Kilima sitoi," alisema, akatoka nje.

Mama Pacha hakugombana na mumewe. Alimkaribisha fundi nyumbani, akamwomba aeleze yote mbele yao wote wawili, taratibu, bila maneno magumu.

Fundi aliweka mkoba chini, akaeleza. Intaneti ni simu na kompyuta nyingi za dunia zilizounganishwa, ili zipelekeane sauti, picha na maandishi. Mpaka mjini, hayo yote husafiri ndani ya waya wa kioo, mwembamba kama unywele, uliofukiwa ardhini. Ndani ya waya huo hupita mwanga. Kuchimba mtaro kutoka mjini hadi kijijini, kwenye miamba, ni kazi ya miaka. Kwa hiyo kutoka mjini mawasiliano yatarushwa hewani hadi kwenye mnara. Mnara utayagawa kwa visahani vidogo juu ya mapaa. Lakini mnara na kisahani lazima vionane. Kikikaa kilima au mti mkubwa katikati, mawasiliano hayapiti. Ndiyo maana walitaka mahali pa juu.

"Na ng'ombe?" Baba Pacha aliuliza.

Fundi hakucheka. Alisema mawimbi ya mnara ni ndugu wa mawimbi yanayoleta taarifa ya habari kwenye redio. Karibu kabisa na mtambo yana nguvu, na ndiyo sababu mtambo hutundikwa juu sana na mnara hujengewa uzio. Huku chini nguvu yake huwa ndogo, na kuna wakaguzi wa kuipima isizidi kiwango.

"Lakini usiniamini mimi," alimalizia. "Nenda kijiji chenye mnara. Waulize wafugaji, siyo mafundi."

Baba Pacha alikwenda, na shemeji akamfuata kwa baiskeli yake. Walikuta mnara uliojengwa miaka minane kabla. Nje ya uzio ng'ombe walikuwa wamelala wakicheua. Baba Pacha alimwomba mwenye mifugo amruhusu kukamua mmoja. Alikamua mpaka ndoo ikajaa, shemeji akichungulia begani kwake. Mwenyeji aliwaeleza kwamba maziwa yalipungua mwaka mmoja tu, mwaka wa ukame, na yalipungua hata kwa ng'ombe wa vijiji visivyo na mnara.

Mkutano wa pili ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Baba Pacha alisimama na kusema kwamba anatoa sehemu ya kilima, lakini kwa maandishi. Mnara uwekewe uzio, na malisho yanayobaki yawe yake. Zahanati, shule na banda la maziwa viunganishwe kwanza. Kisha akamgeukia fundi.

"Siku mtakayopanda gari lenu mkaondoka, mtambo ukiharibika tutamwita nani? Tunataka mtu wetu afundishwe."

Fundi alitabasamu. Alisema katika kila kijiji anakokwenda yeye hulisubiri swali hilo, na si kila mahali analisikia. Akauliza nani yuko tayari. Mama Pacha akanyoosha mkono. Mwanamume mmoja alicheka, akauliza ng'ombe atawakamua nani.

"Mimi nina mikono miwili," Baba Pacha akajibu. Kicheko kikaisha.

Mama Pacha alifundishwa wiki sita. Alijifunza kutumia spana, kufuta vumbi kwenye paneli za sola, na kugeuza kisahani kidogo kidogo mpaka kishike vizuri. Jioni aliwafundisha majirani. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata awe na sauti tamu namna gani. Habari isiyojulikana ilikotoka haisambazwi. Hapo kaka yake aliinamisha kichwa.

Mtambo ukawashwa. Siku hiyo nesi alituma ripoti akiwa ameketi kwenye kiti chake. Wanafunzi waliona video ya moyo wa mtu ukidunda kwenye kompyuta, na mwalimu akaombwa airudie mara nne.

Wiki ya tatu, asubuhi, shemeji alifika mbio kwenye banda la maziwa, ambako Mama Pacha na mumewe walikuwa wakipeleka maziwa. Ng'ombe wake alikuwa amezaa jana, na sasa hawezi kusimama. Alikuwa ameshanoa kisu, amchinje kabla hajamfia.

"Weka kisu chini, kaka," Mama Pacha alisema.

Nyumba ya shemeji ilikuwa nyuma ya shule, na mtandao wa shule ulifika pale. Mama Pacha alimpigia daktari kwa video. Uso wake ukatokea, safi kabisa. Alitaka kuona shingo. Ilikuwa imekunjwa ubavuni. Akataka waguse masikio. Yalikuwa ya baridi. Daktari akasema ni homa ya maziwa: madini ya mwili yamekimbilia kwenye maziwa, na ng'ombe ameishiwa nguvu. Dawa yake, chupa ya madini, ilikuwa kwenye kabati la banda la maziwa, na Baba Pacha akakimbia kuileta.

Aliwaongoza hatua kwa hatua. Wamwegemeze kwa magunia ya majani ili asilale ubavu. Wasimnyweshe kitu, maana kumeza hawezi. Chupa waipashe kwenye maji ya uvuguvugu. Baba Pacha, aliyewahi kufunzwa kuchanja mifugo, akachoma dawa chini ya ngozi, sehemu kadhaa, taratibu.

Wakangoja. Daktari hakukata simu. Baada ya muda ng'ombe alitetemeka. Akacheua. Akainua miguu ya nyuma, akayumba, akainua ya mbele. Akasimama.

Shemeji alifuta macho kwa mkono wenye grisi.

"Nilisema maneno ya watu kana kwamba niliyaona mwenyewe," alimwambia Baba Pacha.

"Mlete ndama, ana njaa," Baba Pacha alijibu. "Na usimkamue mpaka mwisho. Daktari amekataza."

Habari hiyo ilifika vijiji vya jirani. Mwaka huo vijiji vitatu vilijengewa minara, na kila kimoja kilimwomba Mama Pacha aje kufunga visahani. Katika kijiji cha tatu alikuwa juu ya paa la zahanati, spana mkononi, akigeuza kisahani. Chini, nesi alishika simu kwa mikono miwili, watu wamemzunguka.

"Bado," nesi alisema. "Bado. Bado."

Mama Pacha aligeuza kisahani upana wa kidole kimoja. Kwenye simu ikasikika sauti ya daktari wa hospitali kuu, karibu kama amesimama kati yao, akiuliza mgonjwa wa kwanza ni nani. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasogea mbele.

Juu ya paa, Mama Pacha akakaza nati ya mwisho.