Muhogo wa Sura ya Mwisho

Jumamosi saa mbili asubuhi, mjini Cachoeira, jimboni Bahia, mwandishi Dona Valdelice Sacramento alifungua bahasha ya riwaya yake akapiga yowe. Sura ya mwisho haimo! Mahali pake pana kurasa nne asizoziandika yeye, zimepigwa kwa taipureta yake mwenyewe. Wizi gani huo, mtu anaiba karatasi na kuacha karatasi?

Saa kumi alasiri alikuwa aisome sura hiyo uwanjani, mbele ya mji mzima. Riwaya ilimhusu mama yake, aliyepikia watu miaka thelathini bila kuambiwa ahsante.

Mpelelezi Iraci Conceição alifika saa tatu.

"Zinasemaje hizi kurasa, Dona Val?"

"Eti mama alimsamehe tajiri wake! Wakakumbatiana! Mama yangu? Thubutu!"

Jana yake waliingia chumba chake cha kuandikia, ilimokuwa bahasha, watu watatu tu. Iraci akawaketisha jikoni.

Alianza na Seu Olavo Pimentel, ambaye nyanya yake ndiye huyo tajiri.

"Nilimwomba abadilishe jina la nyanya, akanifukuza," alisema mzee. "Lakini kuiba? Taipureta yenyewe siijui."

"Muongo huyo!" alidakia Edmilson, mpwa wa mwandishi.

"Na wewe uligombana na shangazi yako juzi," Iraci alimkumbusha.

"Kwa sababu ya redio, dada! Nani aibe kitabu kwa ajili ya redio?"

Wa tatu, Thales Bittencourt, mhariri kutoka São Paulo, alitabasamu tu. Alisema alikuja kumpongeza.

Iraci alizisoma zile kurasa mara mbili. Kwenye mstari mmoja alikawia: "Alfajiri akawachemshia watoto mandioca, wakala wakashiba." Akaenda mekoni, akachemsha vipande vya muhogo, akarudi mezani na sahani inayofuka moshi.

"Karibuni. Kila mmoja aniambie hiki ni nini."

"Aipim," alisema Olavo.

"Aipim, kwani umeanza kusahau?" alicheka Edmilson.

"Mandioca," alisema Thales, akachukua kipande.

Iraci akamgeukia Thales.

"Kwenu sawa," alisema Iraci. "Huku Bahia, muhogo wa kuchemsha ni aipim. Mandioca ni ule mchungu, wenye sumu, wa kusaga unga. Hakuna mtu wa hapa anayewachemshia watoto mandioca, labda kama sura inayofuata ni ya mazishi yao."

Thales aliweka kipande chini.

"Nilikuwa naiokoa riwaya!" alifoka. "Watu wa filamu wanataka mwisho wenye faraja. Nilimbembeleza mwaka mzima, hasikii! Nilijua bila sura yake atalazimika kuusoma huu uwanjani, na akishausoma, hawezi kurudi nyuma."

"Sura yangu iko wapi?" aliuliza Valdelice.

"Nimeichoma. Na nakala huna."

Valdelice alimtazama, kisha akacheka mpaka akashika ubavu.

"Mwanangu, ile sura niliishi ndani yake kabla sijajua kusoma. Umechoma karatasi."

Saa kumi alisimama uwanjani mikono mitupu. Thales alikaa mbele kabisa, kati ya askari wawili, kwa amri ya Iraci: asikilize kwanza, gari la polisi litasubiri.

"'Nisamehe,' akasema Dona Eufrásia Pimentel," Valdelice alitamka, jina zima la yule tajiri, bila kuhema. "Mama akavua aproni, akaikunja, akaiweka mezani. 'Sikusamehe,' akasema. Akatoka kwa mlango wa mbele."

Watu walilipuka kwa vifijo. Katika safu ya pili, Seu Olavo aliinamisha kichwa, lakini hakuondoka.